Barua ya Mama wa Kigwena

Wiki ile ya mafunzo ilipangwa kufanyika kwetu, na mimi niliichukulia kama harusi ya binti yangu. Maktaba ninayoitunza iko Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, nyuma ya soko, chumba kimoja kirefu chenye madirisha manne na rafu alizozitengeneza mume wangu, ambaye ni seremala. Nilikuwa nimekaa humo miaka kumi na miwili. Niliposikia kwamba watunza maktaba wa mwambao wetu watakuja kufundishwa siku tano ndani ya chumba changu, nilipaka kuta chokaa, nikafua mapazia, nikaandika upya vibandiko vya rafu zote kwa wino mweusi. Nilijua mwalimu akiingia atauliza, "Nani anatunza hapa?" Nami nitasimama.

Mwalimu aliingia Jumatatu asubuhi. Alikuwa mzee mwembamba kutoka Bujumbura, amestaafu kazi ya maktaba ya chuo. Alitusalimu kwa amahoro, akatazama rafu toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Pako safi." Kisha akaketi na kufungua mkoba wake. Hakuuliza kitu.

Tulikuwa watu tisa: walimu wanaoshika funguo za kabati la vitabu shuleni kwao, mtawa mmoja wa Bugarama, karani wa ofisi ya komine, na mwanamke wa Kigwena ambaye alichelewa. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia. Aliingia amevaa kitenge cha kijani, viganja vyake vina ile rangi ya mawese ambayo haitoki kwa kunawa mara moja. Akatuomba radhi sote, akaketi mwisho wa benchi, ubavuni kwangu.

Alikuwa Mkongo wa upande wa Fizi. Alivuka ziwa na watoto wake miaka mingi iliyopita, baada ya mume kufariki, akapata kazi ya kukamua mawese. Kanisa lake lilikuwa limemwachia chumba kidogo chenye vitabu avitunze.

"Vitabu vingapi?" nilimuuliza mapumziko ya kwanza.

"Makumi sita na kidogo, dada. Na vingine panya amekwisha kula."

Nilimhurumia. Nasema kweli, nilipenda kumhurumia. Ilikuwa starehe, kama kukaa kivulini unapomwona mwenzako juani. Nilimwonyesha daftari zangu za wasomaji, kadi zangu zilizopangwa kwa herufi, naye akawa anapitisha kidole hewani juu yake bila kugusa, asije akazichafua.

Mchana mwalimu alitupa zoezi la kwanza. Kila mmoja aeleze msomaji mmoja wa maktaba yake. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nikafungua daftari la mwaka huo, nikaeleza jinsi ninavyoandikisha, jinsi ninavyotenganisha wanafunzi na watu wazima, jinsi ninavyofuatilia vitabu vilivyochelewa. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Hilo ni daftari, madame," akasema. "Mimi niliuliza mtu."

Wengine hawakucheka, lakini nilisikia benchi likisogea.

Ilipofika zamu ya mwanamke wa Kigwena, alisimama akashika ncha ya kitenge chake. "Mimi sina wasomaji wengi wa kuingia ndani," alisema. "Chumba iko kidogo, iko na joto. Nilikuwa nakaa humo peke yangu kama mlinzi wa shamba. Siku moja nikasema, kama hawaji, nitawafuata. Nikabeba kitabu, nikaenda pale wamama wanaanika ndagala, wale samaki wadogo. Mikono yao iko na kazi, lakini masikio yako bure. Nikawasomea."

"Unawasomea kwa lugha gani?" mwalimu aliuliza.

"Kiswahili. Vitabu vyangu vingi vilitoka Kigoma, watu wa maboti waliniletea. Sasa kuna mama mmoja pale, hajui kusoma hata jina lake. Siku moja akanisimamisha. Akasema, jana ulisema huyu mwanaume ana ndugu wawili, leo ni mmoja, mwingine umemuweka wapi? Nikarudi nyuma kuangalia. Kumbe ile kurasa ambayo ndugu wa pili anakufa, panya alikuwa ameikula."

Chumba kizima kilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamtazama kwa muda, kisha akamuuliza maswali mengine mengi: anakwenda siku gani, anasoma muda gani, wanawake wanachagua kitabu au anawachagulia. Wengine tuliobaki siku hiyo tulipata dakika mbili mbili.

Ndipo wivu ulipoanza. Nilikuwa sijawahi kuujua hivyo. Shuleni niliwaonea wivu wasichana wenye viatu, lakini huo ulikuwa wivu wa kitoto, unapita ukipewa andazi. Huu ulikaa chini ya mbavu ukafanya kazi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu kwamba kuna mama mmoja wa Kigwena anajifanya anajua.

"Anajifanya vipi?" aliuliza.

"Anaongea sana," nikasema.

Jumanne na siku zilizofuata nilianza kumhesabia makosa. Aliandika polepole, akitoa ncha ya ulimi. Hakujua kuandika Kifaransa. Mwalimu alipoandika ubaoni yeye alinakili kama mtu anayechora. Makosa hayo yalinifurahisha. Lakini kila mapumziko watu walikusanyika kwake. Mtawa wa Bugarama, ambaye nilitarajia awe rafiki yangu, alikula mkate wake akiwa amekaa naye kwenye ngazi.

Siku ya Jumatano ilikuwa ya kutengeneza vitabu vilivyoharibika. Hiyo ilikuwa siku yangu. Nimefufua vitabu vingi kwa mikono hii. Nashona migongo kwa uzi wa kamba ya nyavu, nabandika kwa gundi ninayoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Mwalimu alinipa nafasi mbele ya wote. Nilishona vizuri, na watu walinyamaza kama watu wanaoona kazi. Nilipofika kwenye gundi, mwalimu aliikoroga kwa kijiti, akanusa.

"Kushona kwako ni kuzuri sana," alisema. "Gundi hii tu, wadudu wataipenda."

Niliona mwanamke wa Kigwena anainua mkono, na kabla hajafungua mdomo nilijua nitachukia atakalosema.

"Mimi nayo napika ya muhogo," alisema. "Lakini natia pilipili. Ile ndogo, kali. Mende anaonja mara moja tu."

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza toka Jumatatu, akatoa kaye yake, kidaftari cha mfukoni, akaandika. Pilipili yake iliandikwa kwenye kaye ya mtu wa Bujumbura. Kushona kwangu hakukuandikwa popote.

Ijumaa, tukiwa tumeshapewa vyeti, mwalimu alitutangazia jambo. Mtu mmoja kati yetu atakwenda Bujumbura kwa mwezi mzima, afundishwe zaidi, kisha arudi kuwafundisha wengine wa mwambao huu. Anayetaka aandike barua ya Kifaransa, aeleze kazi yake na sababu ya kutaka, iwe imemfikia ifikapo Jumatatu saa sita mchana. Yeye mwenyewe angekuwa bado Rumonge, nyumba ya wageni karibu na ziwa.

Jumamosi niliandika yangu. Nilikuwa bado sijaimaliza mlango ulipobishwa. Alikuwa ni yeye, ametoka Kigwena kwa bisi ya asubuhi, kashika chupa ya mawese iliyofungwa kwa jani la mgomba.

"Dada, samahani kukusumbua," alisema. "Nisaidie na Kifaransa. Mimi nasoma kidogo, lakini kuandika inanishinda. Pale kwenye mafunzo nimeona wewe ndiye unaandika vizuri kuliko wote."

Nilimkaribisha, nikampa chai. Akanieleza kwa Kiswahili anachotaka kisemwe, nami nikashika kalamu. Alisema mambo mengi. Alisema jinsi alivyoanza kwenda kwa wanawake wa ndagala, jinsi ambavyo ziwa lilipopanda likameza mchanga wao, wakahamishia kazi kati ya michikichi, naye akawafuata huko huko. Alisema wanawake wanne walimwomba awafundishe herufi, na anawafundisha kwa kijiti ardhini. Alisema anataka kujua namna ya kufanya hivyo vizuri, maana anahofia anawafundisha vibaya.

Niliandika mistari mitano. Niliandika kwamba anatunza vitabu sitini vya kanisa, Kigwena, kwamba amehudhuria mafunzo, kwamba angependa kuongeza ujuzi, kwamba anatoa heshima zake. Hakukuwa na uongo hata neno moja. Nikamwandikia kwa mkono mzuri kabisa.

"Mbona imekuwa fupi?" aliuliza.

"Kifaransa ni lugha fupi," nikamwambia. "Wakubwa hawapendi maneno mengi."

Aliamini. Alitia sahihi polepole, akanishukuru, murakoze, akaniachia ile chupa. Alipoondoka nilirudi kwenye barua yangu, na hapo nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu huwa nasema neno kwa sauti ili lipite. Kwenye barua yangu nikaongeza aya. Nikaandika kwamba nina nia ya kuwafuata wanawake wanaoanika ndagala na kuwasomea kwa sauti, na kuwafundisha herufi wale watakaotaka. Niliiandika vizuri, kwa maneno ambayo yeye asingeyapata. Jumapili asubuhi nilizipeleka barua zote mbili nyumba ya wageni kwa mkono wangu, kama mtu mwema.

Jumatatu jioni mwalimu alinipigia simu, akaniomba nipite. Nilivaa nguo yangu ya Idi. Nilimkuta ameketi nje, anatazama maboti yanayopakia. Barua mbili zilikuwa mezani, zimewekwa sambamba.

"Barua yako ni nzuri," alisema. "Hii nyingine, ya mama wa Kigwena. Mwandiko ni mmoja."

"Aliniomba nimwandikie," nilisema. "Kifaransa chake hakitoshi."

"Ulifanya vema kumsaidia." Alizigeuza barua zote mbili zinielekee. "Mimi niko na masikio, madame. Siku tano nilimsikia yule mama. Sasa nikisoma hapa, namkuta ndani ya barua yako, na ndani ya barua yake simkuti."

Kulikuwa na mwanamke anafua karibu na maji, na nakumbuka nilimtazama sana, namna alivyoikamua shuka, kwa sababu sikuweza kutazama mahali pengine.

"Siwezi kupeleka Bujumbura hii ya mistari mitano," mwalimu aliendelea. Hakupandisha sauti. "Nakwenda Nyanza-Lac, narudi Alhamisi. Nenda kwake, muiandike tena, kama alivyosema. Yako naichukua kama ilivyo, ukitaka. Au uiandike tena wewe pia. Hilo ni lako."

Nilimwambia mume wangu kila kitu siku hiyo. Aliendelea kupiga randa hadi nilipomaliza.

"Una wivu," alisema.

"Ninao."

"Basi nenda nao Kigwena. Hautapungua ukikaa nao hapa."

Nilikwenda Jumatano. Nilimuulizia kanisani, nikaambiwa yuko kwenye ndagala. Nikafuata njia kati ya michikichi mpaka nikasikia sauti yake kabla sijamwona. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wametandaza nyavu chini, wanageuza samaki kwa viganja, wanatoa takataka. Yeye alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu magotini. Hakuwa msomaji hodari. Alijikwaa, alirudia, mahali pengine aliweka maneno ya kwao Fizi. Lakini alipofika mahali pa hatari kwenye hadithi, mikono yote ilisimama juu ya samaki, na yeye akangoja, akawatazama, ndipo akaendelea.

Nilisimama nyuma ya mti kama mwizi. Miaka kumi na miwili sijawahi kusimamisha mikono ya mtu yeyote.

Kisha nikamwona mwanamke mmoja kwenye safu ya pili, mwenye kovu dogo kwenye nyusi, na nikamjua. Alikuwa msomaji wangu. Alipokuwa akiishi Rumonge alikuja kila Alhamisi, akitoka sokoni, na kila Alhamisi nilimwambia anawe mikono vizuri, kwa sababu kurasa zilibaki na harufu ya ndagala. Siku moja nilimwambia mbele ya watu kwamba vitabu si vikapu. Hakurudi tena. Nilidhani ameacha kusoma. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika kando ya jina lake: amehama.

Wivu niliokuja nao ulikuwa mdogo ukilinganisha na ule ulionishika pale. Nilitaka arudi kwangu. Nilitaka asiwe anacheka vile kwa kitabu cha mtu mwingine.

Waliponiona, msomaji wangu wa zamani aliinamisha kichwa kwa salamu, akarudi kwenye samaki wake. Mama wa Kigwena alikuja mbio, amefurahi. "Dada, karibu. Barua imejibiwa?"

Nilimvuta kando. "Barua niliyokuandikia niliipunguza," nilisema. "Mambo yako ya huku sikuyaweka. Niliyaweka kwenye yangu."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa vingi. Nilidhani labda atalia, au atanikumbatia kama watu wa kanisa wanavyofanya, na nilikuwa sijui ni kipi kibaya zaidi. Hakufanya kimoja wala kingine. Uso wake ulijifunga tu.

"Lakini mawese yangu uliyachukua," alisema.

"Niliyachukua."

"Umeyapikia?"

"Nimeyapikia."

Alirudi kwa wenzake, akawaambia hadithi itaendelea kesho, akasikia manung'uniko yao, akaja tukaenda kwenye kile chumba chake. Vitabu vyake vilikuwa ndani ya mapipa ya plastiki yaliyolazwa ubavu, midomo imefunikwa kwa wavu mdogo, dhidi ya panya. Hakunipa chai. Aliketi mbele yangu akasema maneno yake yote upya, na kila nilipomaliza sentensi alinitaka nimsomee, kisha nimweleze kwa Kiswahili nimesema nini. Kurasa mbili zikajaa. Nilipodhani tumemaliza alisema, "Ngoja," akaichukua barua, akatoka nayo. Alimpelekea mke wa mchungaji, ambaye alikuwa mwalimu wa Kifaransa, ili ahakikishe. Nilikaa peke yangu kati ya yale mapipa karibu nusu saa. Aliporudi alisema, "Iko sawa," akatia sahihi.

Barua yangu mimi sikuiandika tena. Alhamisi nilimwomba mwalimu anirudishie, akanirudishia.

Alikwenda Bujumbura mama wa Kigwena. Ule mwezi nilisikia habari zake kwa watu wa mabisi: kapewa kompyuta ajifunze, kazungumza mbele ya wakubwa, kawachekesha. Kila habari nilipaswa kuimeza nzima. Watu wa Rumonge walinipongeza, eti mmoja wa wanafunzi wa chumba chako amefika mbali. Niliitikia, murakoze, murakoze.

Nilijaribu na mimi. Siku ya soko nilibeba kitabu, nikaenda pale bandarini wanapopanga ndagala kwa vikapu. Wa kwanza aliniuliza kama nauza. Walisikiliza wanne, mmoja akalala. Nilisoma vizuri kuliko yeye, kila herufi mahali pake, na mikono yao haikusimama hata mara moja. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Sasa huwa saba, nane. Msomaji wangu mwenye kovu hajarudi. Nilimtumia salamu kwa mtu wa Kigwena, nikamtumia na neno la kuomba radhi. Jibu lilikuwa kwamba amesikia.

Mwezi uliopita nililetewa barua ya mwaliko. Mafunzo ya siku mbili, huko Kigwena, kwa watunza maktaba wote wa pwani. Mfundishaji ni yeye, na barua kaiandika yeye mwenyewe, kwa Kifaransa, kwa mwandiko ule ule wa kuchora. Kwenye mstari wa tatu kulikuwa na kosa, na mwishoni lingine. Sitaficha, nilifurahi. Niliyasoma makosa yale mara mbili, nikampelekea mume wangu karakanani nikamwonyesha kwa kidole.

Aliangalia, naye hajui Kifaransa. "Utakwenda?" aliuliza.

"Nitakwenda."

Nilikwenda. Nilifika wa kwanza, nikaketi benchi la mbele kwa sababu sikutaka ionekane najificha. Alitusalimu mmoja mmoja, mimi nikapewa mkono kama wengine, si zaidi, si pungufu. Akaanza kueleza namna ya kumchagulia kitabu mtu asiyejua kusoma. Alieleza vizuri. Kifua kiliniwaka kama siku ile ya kwanza, nikafungua kaye yangu, nikaanza kuandika anayoyasema.